Kung fu ya maonyesho haitamlinda mhami: walimu wawaambie vijana ukweli

Tangu enzi za kanda za video, vijana wengi wa Goma, Bukavu, Uvira na Baraka wanamjua Bruce Lee na Jackie Chan kuliko wanavyomjua mbunge wao. Klabu za kung fu, karate na judo zinafanya mazoezi nyuma ya makanisa, kwenye viwanja vya shule na kando ya makao ya wahami wa vita. Hilo si baya. Kijana anayeamka saa kumi na moja ya asubuhi kukimbia na kupiga mazoezi ni afadhali kuliko yule anayeshinda akinywa pombe kali, na ni afadhali mara mia kuliko yule anayeingia porini kuchukua bunduki.

Ubaya unaanza pale mwalimu, yule ambaye vijana wanamwita maître kwa heshima zote, anapomwambia mtoto wa mhami kwamba baada ya miezi sita ataweza kumnyang'anya mtu panga kwa mikono mitupu. Au kwamba kuna pigo la vidole viwili ambalo likigusa shingo adui anaanguka. Au kwamba mwenye kujua siri ya pumzi hapigwi. Maneno hayo ni uongo. Mahali penye amani, uongo wa namna hiyo unamletea mtu aibu tu. Mahali ambapo mama anapita njia ya kuni akijua kuna watu wenye silaha, uongo huo unaua.

Kila mtu aliyekaa kambini anajua ugomvi unavyoanza. Watu wamepanga bidoni zao kwenye bomba tangu alfajiri, mmoja anasogeza ya kwake mbele, maneno yanatoka, na mara mikono imeshikana. Au ni usiku, mwizi amepasua turubai ya hema, na mwenye hema anaamka wakati mwizi yuko hatua moja kutoka kwa watoto. Hakuna anayeinama kumsalimu mwenzake. Hakuna nafasi ya kupanga miguu. Yule anayeanza anakuja kwa nguvu zake zote, anakamata nguo kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono mwingine, tena na tena, mpaka mtu aanguke au watu waingilie.

Katika hali hiyo mwili wa binadamu unabadilika. Moyo unapiga mbio, pumzi inakatika, mikono inatetemeka, macho yanaona kitu kimoja tu kilicho mbele. Vidole haviwezi tena kazi ndogo ndogo. Ndiyo maana lile pigo la kugusa mshipa fulani shingoni, ambalo mwanafunzi alilifanya vizuri sana juu ya mwenzake aliyesimama kama mti, halionekani kabisa siku ya ugomvi. Teke la juu nalo lina shida yake. Mwenye kupiga teke la kichwa anabaki juu ya mguu mmoja. Chini kuna matope, au mawe ya volkano, au kamba za hema. Adui amekwisha kamata shati lake. Ataanguka, na anayeanguka chini kati ya watu wenye hasira hana uhakika wa kuinuka.

Wanaotetea maonyesho wanasema: sanaa hii ni ya Wachina, ina mamia ya miaka, nani wa Kongo aweze kuihukumu? Basi wasikilizwe Wachina wenyewe.

Katika karne ya 16 kulikuwa na jemadari mmoja wa China jina lake Qi Jiguang. Kazi yake ilikuwa kupigana na maharamia waliokuwa wakishambulia vijiji vya pwani. Aliandika kitabu cha kufundisha askari wake, na ndani yake mna sehemu ya ngumi na mateke. Alisema wazi kwamba mapigano ya mikono mitupu hayana faida kubwa katika vita vikubwa. Faida yake ni kuzoeza mwili, kukomaza miguu na mikono, na kumfungulia mlango askari anayeanza kabla ya kushika silaha. Aliwakemea pia wale waliofundisha mitindo mizuri ya kutazamwa ambayo haimsaidii mtu mbele ya adui. Hayo yameandikwa karibu miaka 450 iliyopita. Aliyeyaandika aliishi na vita kama watu wa Kivu wanavyoishi nayo.

Karibu zaidi na siku hizi, usiku wa tarehe 25 Desemba 1953, moto uliteketeza vibanda vya wakimbizi mtaa wa Shek Kip Mei, Hong Kong. Watu zaidi ya 50,000 walilala nje. Januari 1954, huko Macau, walimu wawili wakubwa walikubali kupigana jukwaani ili kukusanya pesa, na sehemu yake iende kwa wale walioungua. Mmoja alikuwa Wu Gongyi wa tai chi, mzee wa zaidi ya miaka hamsini. Mwingine alikuwa Chan Hak-fu, kijana kuliko yeye, wa mtindo wa korongo mweupe. Watu walingojea kuona miujiza. Filamu ya pigano lile bado ipo, na yeyote anayeitazama anaona watu wawili wanarusha mikono kama watu wengine wote, wanakosa, wanashikana, mmoja anatoka damu puani. Waamuzi walisimamisha pigano raundi ya pili bila kumtangaza mshindi. Kwa kuwasaidia wenye shida, walimu wale wanastahili heshima. Lakini miujiza haikuonekana.

Tarehe 27 Aprili 2017, mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano ya mchanganyiko, alikutana na Wei Lei, mtu aliyejiita mwalimu wa tai chi. Pigano halikumaliza nusu dakika. Wei Lei alipigwa akaanguka, na dunia nzima ikatazama kwenye simu. Watu wengi China walimkasirikia Xu, wakasema amedharau utamaduni wao. Lakini hasira haibadilishi kilichoonekana. Mtu aliyezoea kupigwa na kupiga kila siku alimshinda mtu aliyezoea wanafunzi wanaoanguka wenyewe ili kumfurahisha.

Je, hayo yanamaanisha kung fu yote ni takataka? Hapana, na wanaosema hivyo nao wanakosea. Ndani ya sanaa hii ya zamani mna vitu vizuri sana kwa pigano la karibu, na ni huzuni kuona vinaachwa kwa ajili ya mateke ya sinema.

Mfano ni wing chun. Mwalimu Ip Man, aliyeifundisha Hong Kong, naye alikuwa mtu aliyehama. Alitoka Foshan baada ya Wakomunisti kushika nchi, akafika Hong Kong bila mali, na mwaka 1950 akaanza kufundisha katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Mtindo wake ni wa karibu kabisa, mahali ambapo mikono ya watu wawili inagusana. Kuna zoezi la kugusanisha mikono na kuisukuma huku na huku, ili mtu ahisi kwa ngozi nguvu ya mwenzake inaenda wapi kabla macho hayajaona. Kuna ngumi fupi zinazopita katikati ya kifua, kuna viwiko, kuna mateke ya chini yasiyopita kiuno. Vyote hivyo vinafaa mahali pembamba kama njia kati ya hema na hema.

Lakini vijana wa Ip Man hawakuishia kwenye zoezi la mikono. Miaka ile ya 1950 walipanda juu ya mapaa ya majumba ya Hong Kong kupimana nguvu na vijana wa mitindo mingine. Wong Shun Leung alijulikana kwa mapambano hayo. Huko walijifunza ni kipi kinafanya kazi na ni kipi kinapendeza tu. Mwanafunzi mwingine wa Ip Man alikuwa Bruce Lee. Mwaka 1964, mjini Oakland, Marekani, alipigana na Wong Jack Man, na mpaka leo watu wanabishana nani alishinda. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba Bruce Lee alitoka pale akihema, hakuridhika, akaona mtindo aliokuwa nao haumtoshi. Alianza kukimbia zaidi, akachukua mambo ya ndondi na ya upanga wa Wazungu, na mwaka 1967 akaipa njia yake mpya jina. Yule ambaye picha yake imechorwa kwenye kuta za klabu nyingi alikuwa wa kwanza kukataa kufungwa na mitindo. Wanaomwabudu ndio wanaofanya kinyume chake.

Wachina wenyewe walichukua njia hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kuandaa sanda, mashindano ya ngumi, mateke na kuangushana. Wana pia shuai jiao, mieleka yao ya zamani ya kushikana nguo na kuangushana, ambayo inahusu kabisa lile linalotokea kwenye bomba la maji: mtu amekamata shati, ufanye nini? Klabu inayofundisha kusimama imara wakati umekamatwa, kukinga kichwa, kuvunja mshiko, kumwangusha mtu na kutoka mbio, hiyo inafundisha kitu cha maana. Klabu inayofundisha kucheza peke yako hewani kwa miaka mitatu inafundisha ngoma. Ngoma ni nzuri, ila iitwe ngoma.

Hapo walimu wa siri wanatoa jibu lao la kila siku: mapigo yetu ni ya kuua, hatuwezi kuyafanyia mazoezi kwa nguvu, tutaua wanafunzi. Jibu hilo linasikika kama la hekima. Lakini Mjapani Kano Jigoro alilijibu tangu mwaka 1882 alipoanzisha judo. Aliondoa katika mazoezi ya kupambana yale mambo ya kuvunja na kutoboa, akabakiza yale ambayo mtu anaweza kumfanyia mwenzake kwa nguvu zote, leo, kesho na keshokutwa, bila kumharibu. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa judo ameangusha watu wasiotaka kuanguka mara maelfu. Yule mwenye pigo la kuua hajalipiga hata mara moja. Siku ya shida, nani kati yao anajua anachofanya?

Na mfano wa judo hauko mbali. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenga na familia yake akiwa mtoto, akafikishwa Kinshasa, na huko katika kituo cha watoto akajifunza judo. Yolande Mabika, naye wa Bukavu, alipita njia kama hiyo. Wote wawili walienda Brazil kwa mashindano ya dunia ya mwaka 2013, wakabaki kuomba hifadhi, na mwaka 2016 wakashiriki Michezo ya Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi. Popole alishinda pambano lake la kwanza. Hakuna aliyewauzia siri. Walichokuwa nacho ni mazoezi ya kila siku na mtu wa kweli aliyewashika nguo na kukataa kuangushwa.

Kuna uongo mbaya kuliko wa vidole viwili, nao lazima utajwe hata kama utawaudhi wakubwa. Ni ule wa kuchanganya kung fu na dawa ya risasi.

China iliuona uongo huo mwaka 1900. Vijana wa vijijini waliojiita watu wa ngumi za haki walifanya mazoezi ya mikono pamoja na matambiko, wakaamini risasi za wageni hazitawaingia. Ziliwaingia. Tanganyika iliuona kati ya 1905 na 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa. Kongo nayo iliuona wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964, na jina la Mai-Mai linalosikika kila siku kwenye radio linatokana na maji hayo hayo. Hasira ya watu hao ilikuwa na sababu. Wengi walikuwa wakitetea ardhi yao. Lakini risasi haiulizi sababu, na makaburi ya vijana waliopakwa dawa yanajulikana katika vijiji vingi.

Kwa hiyo mwalimu yeyote anayemwambia kijana kwamba pumzi, mchanjo, maji au mkao fulani wa kung fu utamkinga na risasi au panga anamwandaa kwa kaburi. Pengine hamwandalii kaburi tu. Kuna makundi yenye silaha yanayotafuta vijana wenye nguvu wanaoamini hawawezi kufa. Klabu inayolisha imani hiyo inawapikia chakula waandikishaji wa porini, hata kama mwalimu hana nia hiyo.

Wako watu wema watakaosema: waacheni vijana, wamepoteza nyumba, mashamba na shule, kung fu inawapa ujasiri, kwa nini kuwavunja moyo? Hoja hiyo ina uzito kuliko zote, na haifai kupuuzwa. Kijana aliyefukuzwa kijijini kwake akatembea siku tatu na godoro kichwani anahitaji kusimama wima tena. Mazoezi ya pamoja, nidhamu, kumwita mkubwa kwa heshima, kujua mwili wako unaweza jambo, hayo yote ni dawa kweli. Lakini ujasiri wa uongo unamfanya mtu asimame pale alipotakiwa kukimbia. Mbele ya panga, mtu wa mikono mitupu anapoteza vidole hata akishinda. Mbele ya bunduki hakuna mtindo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mama anayelea watoto watano kambini hahitaji kilio kingine.

Na ukweli hauvunji moyo. Kijana akiambiwa: hii itakusaidia kumtoa mlevi aliyekukaba, hii itakusaidia kuachanisha watu kwenye bomba bila kumuumiza mtu, hii itakusaidia kuvunja mshiko na kukimbia, na mengine yote hayataweza, kijana huyo anajua mipaka yake. Mwenye kujua mipaka yake anafika nyumbani jioni.

Wasichana na wamama wanastahili neno la peke yao. Wao ndio wanaoenda kuni na maji, na wao ndio wanaouziwa ahadi kubwa kuliko wote: masomo ya wiki mbili, halafu hakuna mwanaume atakayewagusa. Wiki mbili zinatosha kumfundisha mtu kupiga kelele mapema, kutembea kwa kundi, kuvunja mshiko wa mkono na kukimbia kuelekea kwenye watu. Hayo yafundishwe, na yana faida. Lakini asiwepo wa kuwaambia kwamba usalama wa njia ya kuni ni kazi ya ngumi zao. Hiyo ni kazi ya serikali, ya polisi, ya wakuu wa makao na ya mashirika yenye kuleta makala au majiko yanayokula kuni kidogo. Pale mwanamke anaposhambuliwa, kosa ni la aliyeshambulia na la waliotakiwa kumlinda. Halitokani na kukosa masomo ya kung fu.

Wazazi hawahitaji kujua kung fu ili kumpima mwalimu. Waende siku moja kwenye kiwanja, wakae pembeni, watazame mambo machache. Je, wanafunzi wanapambana na mwenzao anayekataa, wakiwa wamekinga vichwa na midomo, au wanaangushana kwa makubaliano? Je, mwalimu mwenyewe anakubali kushikwa na mwanafunzi mkubwa mbele ya watu? Je, anafundisha kukimbia na kutuliza maneno? Je, anataja dawa, risasi au siri za kulipia franga zaidi? Je, mtoto akiumia kuna anayejua kumfunga kidonda na kumfikisha kituo cha afya? Je, kuna watu wasiojulikana wanaokuja kuangalia vijana wenye nguvu na kuandika majina?

Kamati za wahami na shefu wa kartiye nao wana sehemu yao. Kiwanja cha watu wote hakitolewi bila masharti. Mwalimu aje mbele ya kamati na wazazi, aonyeshe anachofundisha juu ya mtu anayekataa kuanguka, aseme wazi ni nini sanaa yake haiwezi, na aahidi mbele yao kwamba hakuna dawa wala silaha itakayoingia mazoezini. Akikubali, apewe kiwanja na asaidiwe kutafuta mikeka na vikinga vichwa. Akikataa, wazazi wamtoe mtoto wao kesho asubuhi, kabla hajajaribu pigo la vidole viwili kwa mtu mwenye panga.